Kwaya yetu inakwenda misheni Bonde la Ziwa Rukwa: twende wangapi, na tukaimbe nini?

Katibu wa Kwaya (Dar es Salaam) ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni katibu wa kwaya ya uinjilisti katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania hapa Dar es Salaam. Kamati yetu imepitisha safari ya uinjilisti mwezi Julai kwenda kwenye mitaa miwili (yaani makanisa madogo yaliyo chini ya usharika) ya Dayosisi ya Ziwa Tanganyika, ile iliyoko chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa, baada ya mchungaji wa huko kutuandikia barua ya mwaliko kupitia ofisi ya dayosisi yake. Tuna waimbaji wapatao arobaini na watano, wapiga vyombo wanne na fundi mitambo mmoja, na karibu wote wanataka kwenda.

Rasimu ya ratiba ya siku tano iliyoko mezani inataja mikutano ya injili ya jioni katika viwanja vya wazi, uimbaji katika kituo cha afya, ibada ya Jumapili, na siku moja nzima ya kurekodi video ya albamu yetu mpya kando ya ziwa. Mwenyekiti anaamini kwamba kwaya iende yote, ikiwa na jenereta, spika kubwa na sare mpya, kwa sababu waumini waliotuchangia wanatarajia kuona kazi yenye uzito. Mwalimu wa kwaya yeye anasema kwamba kundi la watu hamsini litawaelemea wenyeji ambao mtaa wao mzima pengine haujazi mabenchi ya kanisa lao, na kwamba nyimbo zetu nyingi, zinazotegemea kinanda na gitaa, zitasikilizwa kama tamasha kisha zitaondoka na basi letu.

Naomba ushauri wa waliowahi kusafiri na kwaya, na zaidi wa waliowahi kupokea kwaya, kwa maana sisi huku mjini tunajua kupanga safari lakini hatujui sana inavyoonekana kutoka upande wa pili.

Mweka Hazina Mstaafu (Iringa) amejibu:

Shalom, Katibu. Kabla ya kufika kwenye nyimbo, naomba nizungumzie barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga kwa kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma ni zaidi ya kilomita 1,100, na hapo mnakuwa bado juu kwenye uwanda wa Ufipa, hamjaanza kuteremka bondeni. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na najua kuna mjumbe wa kamati atakayependekeza mwondoke jioni ili kuokoa gharama za kulala njiani. Mkatalieni. Laleni Mbeya, kwenye hosteli ya kanisa au katika nyumba za waumini wa usharika mtakaouandikia mapema, kisha mpite Tunduma asubuhi, kwa sababu foleni ya malori ya mpakani haitabiriki na hakuna sababu ya kuikuta mkiwa na dereva aliyekesha.

Wengi humu tunakumbuka kwaya ya Ambassadors of Christ ya Remera, Kigali, ambayo mwaka 2011 ilipoteza waimbaji watatu katika ajali ya barabarani ilipokuwa ikirejea Rwanda kutoka kwenye huduma hapa kwetu Tanzania. Siandiki hayo ili kuwatisha. Naandika kwa sababu kwaya nyingi hutumia miezi kupanga sare na dakika chache kuchagua basi. Mwenye basi awaonyeshe leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kibali cha safari ya kukodi na bima iliyo hai, madereva wawe wawili, na jenereta pamoja na spika visafirishwe katika gari lake, visirundikwe kwenye njia ya kutokea abiria kama ilivyo desturi yetu mbaya. Orodha ya wasafiri, yenye namba za simu za ndugu zao, ibaki kwa mchungaji kiongozi wa usharika wenu.

Kama muda mnao, ulizieni pia kama treni za abiria za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia inayopita Mbeya na Tunduma, zinasafiri, lakini mkizitumia acheni nafasi pana kwenye ratiba, na msipange mkutano jioni ya siku mnayotarajia kushuka kituoni. Kingine kidogo: Julai Sumbawanga kuna baridi kali, na bondeni kuna joto na mbu. Waimbaji wabebe sweta na vyandarua vyote viwili.

Mwinjilisti wa Mtaa (Rukwa) amejibu:

Katibu, asante kwa kuuliza kwa upande wa pili, maana ni nadra. Mimi ni mwinjilisti katika mtaa mmoja wa huku bondeni, si lazima uwe mmojawapo wa hiyo miwili, na kwaya za kutoka mbali tumezipokea mara kwa mara. Nitaeleza mambo yanavyokuwa.

Barua ya kwaya inapofika, kikao cha kwanza hakiwi cha wazee wa kanisa bali cha akina mama, kwa sababu wao ndio watakaochota maji, watakaotwanga na kupepeta, watakaopika asubuhi na usiku, na watakaohamia chumba kimoja na watoto ili wageni wapate vitanda. Watu hamsini kwa siku tano ni mzigo ambao familia za mtaa mdogo hazitausema mbele yenu, kwani mgeni wa kanisa haambiwi kwamba chakula kimepungua. Watacheka, watawapigia vigelegele, watawachinjia mbuzi, na baada ya ninyi kuondoka ndipo mtaa utakapoanza kulipana madeni. Julai mmechagua vizuri, hilo nalipongeza, kwa maana mpunga umekwisha kuvunwa, watu wana chakula na mvua hazipo, na barabara ya kuteremka Lyamba lya Mfipa inapitika bila hofu. Kwaya iliyotaka kuja Februari tuliiomba isubiri, kwa kuwa huo ni wakati wa matope na wa ghala tupu, ingawa wao walikuwa wamepata likizo kazini.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu idadi ni huu: njooni watu ishirini, au ishirini na wawili, wenye sauti zote nne zilizokamilika, na fedha ambayo ingewasafirisha wale wengine ilipie chakula. Msibebe magunia ya mchele kutoka Dar es Salaam. Mchele tunalima sisi. Tumeni fedha wiki mbili kabla kwa mweka hazina wa mtaa, awape risiti, akina mama wanunue wenyewe kwa bei ya huku na walipwe wale watakaopika. Jambo hilo liandikwe kwenye barua, lisiachwe kwa hisani.

Pia liandikwe suala la sadaka. Sadaka inayotolewa katika ibada na mikutano ya mtaa ni ya mtaa. Imewahi kutokea kwaya ikaweka kapu lake pembeni mwa jukwaa na kutangaza kwamba ni la kuchangia albamu, na wazee wetu wakakosa pa kuweka nyuso zao, kwa sababu watu waliotoa kwenye kapu lile hawakutoa tena Jumapili. Mkitaka kuuza flashi za nyimbo zenu, uzeni siku ya mwisho baada ya ibada, kwa ruhusa ya mchungaji.

Sasa nyimbo. Mtaa wetu una kwaya. Ina Wafipa na ina Wasukuma, maana wafugaji na wakulima wa Kisukuma walihamia bonde hili miaka mingi iliyopita, na kila kundi limeleta mahadhi yake na namna yake ya kucheza. Hatuna kinanda. Tuna ngoma, kayamba na sauti. Kwaya kubwa ya mjini inapopanda jukwaani na spika zinazosikika hadi kijiji cha pili, kwaya yetu huombwa kuimba wimbo mmoja wa kukaribisha, kisha hukaa chini kwa siku zote zilizosalia, na wiki inayofuata vijana wanakuja kuniambia kwamba hawataimba tena mpaka tununue kinanda. Nimeliona hili zaidi ya mara moja, na sidhani kama waliotutembelea walilijua hata kidogo, kwa kuwa wao walikwisha kurudi kwao wakiwa na furaha ya kweli.

Hivyo mwalimu wenu wa kwaya ana hoja. Mkija, fanyeni mazoezi na kwaya yetu kila asubuhi kabla jua halijawa kali, mtufundishe wimbo mmoja au miwili tutakayoweza kuimba bila umeme, na ninyi mjifunze mmoja wetu, muuimbe mkutanoni mkiwa mmechanganyika nasi katika mistari yenu.

Mwimbaji wa Tena (Nakuru, Kenya) amejibu:

Nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Mwanglikana, na kwaya yetu imekuwa ikifanya misheni Turkana, kwa hivyo naongea kuhusu nchi ya namna nyingine, kavu na yenye watu waliotawanyika. Namheshimu Mwinjilisti na sipingi hata neno moja kuhusu akina mama na chakula. Hata hivyo, naomba vyombo visihukumiwe haraka. Mahali ambapo boma moja liko mbali na jingine, na ambapo mchungaji wa mifugo hajawahi kuwa na sababu ya kukaribia jengo la kanisa, sauti kubwa ya jioni humfanya asogee kutazama, na akishasogea anakaa. Mhubiri peke yake, hata awe na ufasaha wa namna gani, hangewakusanya watu hao. Hayo nimeyaona, na wengi wa waliobatizwa baadaye walisogea kwanza kwa sababu ya ngoma na gitaa.

Lililotusaidia ni mambo mawili. Kwanza, kila wimbo tulioimba kwa Kiswahili ulikuwa na kiitikio kimoja kwa Kiturkana, kilichotafsiriwa na kusahihishwa na wenyeji kabla hatujaondoka nyumbani, kwani mtu anayesikia maneno ya lugha yake katikati ya wimbo wa kigeni huanza kuitikia. Pili, hatukuondoka na daftari la majina ya walioamua kuokoka. Daftari lilibaki kwa mwinjilisti wa pale, maana ndiye atakayewatembelea.

Mwalimu wa Muziki (Arusha) amejibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na ningependa kuingia kwenye swali la wimbo wenyewe, ambalo limeguswa juu juu.

Wimbo wa kufundisha katika misheni ya siku chache unahitaji sifa ambazo nyimbo nyingi za albamu hazina. Uwe mfupi, ubeti wake uwe na mistari minne au chini ya hapo, na usidai mwanya wa vyombo katikati. Sauti ya kwanza isipande kupita kiasi, kwa sababu waimbaji wa vijijini hawana kinanda cha kuwashusha, na mwalimu wao akikosea ufunguo kwa hatua mbili tu, soprano zitapiga kelele badala ya kuimba. Uandikeni kwa nota za sol-fa kwenye karatasi kubwa au ubaoni, hata kama nusu ya kwaya haisomi nota, kwa maana karatasi itabaki ukutani baada ya masikio kusahau. Fundisheni besi kwanza. Kila mwalimu wa kwaya ana desturi yake, lakini kwa uzoefu wangu mkianza na sauti ya kwanza wote wataishika hiyo, na kuwatoa watu kwenye sauti waliyokwisha kuipenda ni kazi kubwa kuliko kuwafundisha mpya.

Katika siku zenu tano, usiku wa kwanza msiimbe jambo jipya lolote. Imbeni kutoka kitabu cha nyimbo cha kanisa, *Mwimbieni Bwana*, nyimbo ambazo bibi aliyekaa nyuma anazijua kwa moyo, na mwacheni yeye awaongoze mwendo. Mtagundua kwamba wanaimba taratibu kuliko ninyi, au kwamba mahali fulani wameongeza kipambo kisichokuwa kwenye nota. Msiwasahihishe.

Kuhusu kujifunza wimbo wa wenyeji, sisi Walutheri tunao ushahidi mzuri kuliko mahubiri yoyote. *Mfurahini, Haleluya* uliandikwa na Bernard Kyamanywa katika miaka ya 1960, alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia cha Makumira, na mahadhi yake ni ya kwao Uhaya. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha hapo Makumira, alitumia miaka mingi kukusanya mahadhi ya namna hiyo kutoka makabila mbalimbali na kuyatilia maneno ya ibada, na leo wimbo ule wa Pasaka unaimbwa Ujerumani na Marekani na watu ambao hawajawahi kuona mgomba. Haukusafiri kwa sababu ulikuwa na vyombo vizuri. Wasukuma na Wafipa wa bonde la Rukwa wana mahadhi ambayo kwaya ya Dar es Salaam haijawahi kuyasikia, na mwalimu wenu akienda na daftari na kinasa sauti anaweza kurudi na kazi ya mwaka mzima.

Ndugu yangu wa Nakuru nakubaliana naye kuhusu mkutano wa jioni. Spika ziende, ila moja au mbili, za kutosha uwanja. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zinahusu makanisa pia, na bondeni kuna Wakatoliki wengi, kuna Wamoravian na madhehebu mengine, ambao nao wana ibada zao jioni.

Katibu wa Kwaya (Dar es Salaam) ameandika tena:

Nawashukuru sana, hasa Mwinjilisti, ambaye maneno yake niliyasoma katika kikao cha kamati jana jioni. Mwenyekiti alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali ambalo nadhani ni la haki: wale waimbaji ishirini na zaidi watakaobaki, ambao nao wamechanga na kufanya mazoezi, tutawaambia nini? Tumefikia uamuzi wa kwenda ishirini na wanne, wakiwemo wapiga vyombo wawili, na kundi la pili litakwenda kwenye mtaa wa pili wakati mwingine, baada ya mavuno yajayo. Hawajafurahi wote. Alto mmoja wa siku nyingi alisema wazi kwamba misheni siyo zamu ya kufagia kanisa, na sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Limebaki jambo la video. Fedha ya mpiga picha imekwisha kulipwa sehemu, na vijana wanataka sana mandhari ya ziwa. Je, siku ya kurekodi ifutwe? Na iwapo tutajifunza wimbo wa wenyeji kama mlivyoshauri, je, tunaruhusiwa kuuweka kwenye albamu?

Mwalimu wa Muziki (Arusha) amejibu:

Swali la pili lina jibu la sheria na jibu la adabu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtunzi wa wimbo ana haki juu ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, awe ni mwalimu wa kwaya ya kijijini ambaye hajawahi kurekodi chochote. Kwa hiyo ulizeni kwanza kama wimbo huo una mtunzi anayejulikana. Akiwepo, pateni kibali chake kwa maandishi, jina lake liandikwe kwenye albamu, mgawo wake wa mapato uelezwe kwa namba, na kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lake na si la kwaya yenu. Kama ni mahadhi ya jadi yasiyo na mtunzi, andikeni hivyo, mtaje na mtaa mlikojifunza, na kwaya ya mtaa iimbe pamoja nanyi kwenye hiyo rekodi. Hilo ndilo nililoliita adabu.

Nyimbo za kwaya nyingine za mjini ambazo huwa tunaziimba katika ziara bila kuuliza, msiziweke kwenye video kabisa.

Mweka Hazina Mstaafu (Iringa) amejibu:

Siku ya video isiwe katikati ya misheni. Wekeni mwishoni, baada ya ibada ya Jumapili, mkiwa mmekwisha kumaliza mliloitiwa, na mpiga picha asiingie na kamera katika kituo cha afya. Wagonjwa hawako pale kuwa mandhari ya albamu, na mganga mfawidhi ana haki ya kuwarudisha wote getini. Halafu ziwa lenyewe lina mamba na viboko. Vijana waimbe wakiwa wamesimama mbali na maji, hata kama mpiga picha ataomba waingie hadi magotini.

Mwinjilisti wa Mtaa (Rukwa) amejibu:

Ishirini na wanne tunaweza. Nimezungumza kwa simu na mwinjilisti mwenzangu wa mtaa mtakaofikia, naye anaomba mambo machache. Barua ya kuwaarifu serikali ya kijiji na mkuu wa polisi wa wilaya kuhusu mikutano ya jioni itaandikwa na ofisi ya mchungaji wa huku, lakini anahitaji tarehe kamili na majina ya wahubiri mapema, si wiki ya mwisho. Anaomba pia kujua wanawake ni wangapi na wanaume wangapi, kwa sababu ya kupanga nyumba, na kama kuna mwenye ugonjwa unaohitaji chakula cha pekee.

Kuhusu yule alto aliyelalamika, mwambieni kwamba kwaya ya mtaa huo haina mwalimu wa alto, na akina mama wa alto wamekuwa wakiifuata sauti ya kwanza kwa miaka yote. Kama kamati itaweza kumpatia nafasi ya mpiga chombo mmoja, sisi tutafurahi zaidi kumpata yeye.